Kimya na Kunyamaza: Uhakiki wa Maelezo ya Keith Basso kuhusu Waapache wa Magharibi

Wanaanthropolojia walipoanza kuichunguza lugha kama tendo la kijamii, walikabiliwa na swali ambalo wanaisimu wengi walikuwa wameliacha kando: mtu asiposema neno, je, kuna data? Dell Hymes, katika makala yake ya mwaka 1962 kuhusu ethnografia ya usemi, alitaka kila jamii ichunguzwe kwa kanuni zake yenyewe za nani aseme, wapi na kwa namna gani. Keith Basso aliupeleka wito huo mbali zaidi. Makala yake ya mwaka 1970 inachunguza nyakati ambazo Waapache wa Magharibi wa Cibecue, Arizona, huacha kusema.

Basso anabainisha hali sita: kukutana na mtu asiyefahamika, wachumba kuanza kujuana, wazazi kuwapokea watoto waliotoka shule ya bweni, kufokewa na mtu aliyeghadhibika, kuwa pamoja na wenye majonzi, na kuwa na mgonjwa anayeimbiwa katika tambiko la uponyaji. Nadharia tete yake ni kwamba katika hali zote hizo uhusiano wa wahusika una utata, na mwenendo wa mwenzako hautabiriki. Mchango huu si mdogo. Uliipa changamoto dhana kongwe kwamba wenyeji wa Marekani ni watu wasio na maneno kwa maumbile yao, kwa kuonyesha kwamba kutosema kwao kunafuata kanuni na muktadha.

Udhaifu unaanzia pale sababu moja inapobebeshwa hali zote sita. Kuhusu waliofiwa, Basso mwenyewe anaripoti maelezo ya wenyeji kwamba huzuni humchosha mtu, na kumzungumzisha ni kumwongezea mzigo. Hiyo ni huruma, nayo haihitaji utata wowote ili ieleweke. Maelezo hayo yanatajwa, kisha yanamezwa na nadharia.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kidogo. Lugha yetu hutenganisha kimya, ambacho ni hali, na kunyamaza, ambako ni tendo. Anayenyamaza aghalabu huwa na la kusema akalizuia. Aliye kimya huenda hana. Mwandishi wa Kiswahili angelazimika kuchagua neno kwa kila hali kati ya zile sita, na uchaguzi huo ungemrudisha uwandani kuuliza upya. Anayefokewa hunyamaza. Je, mfiwa naye hunyamaza, au yu kimya tu? (Swali la namna hii halijibiwi kwa kuijaza orodha ya Hymes ya vipengele vya tukio la usemi, ingawa orodha hiyo siku hizi hujazwa kama fomu ya maombi.)

Hali ya watoto wa bweni ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Wazazi hawasemi, wanamsubiri mtoto aanze, wakichelea kwamba maisha miongoni mwa Wazungu yamembadilisha. Basso anauweka utata huo ndani ya utamaduni wa Waapache, lakini chanzo chake kiko nje. Tangu shule ya Carlisle ilipofunguliwa Pennsylvania mwaka 1879, shule za bweni za serikali ya Marekani zililenga kuwatenganisha watoto na lugha na desturi za kwao, na wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Kwa hiyo hofu ya wazazi ilikuwa na historia. Mzazi aliyenyamaza alikuwa akisikiliza mtoto amerudi na lugha gani, na kwa sauti ya nani. Kuliita jambo hilo kanuni ya mawasiliano pasipo kuitaja sera iliyolizalisha ni kumtwisha mwathiriwa maelezo ya jeraha lake.

Kwa haki, Basso hakuishia hapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 aliandika jinsi Waapache wanavyowaigiza Wazungu kwa mzaha: wanavyopaza sauti, wanavyomwita “rafiki” mtu wasiyemjua, wanavyouliza mambo ya afya bila kualikwa. Kumbe waliochunguzwa nao walikuwa wachunguzi, wenye nadharia yao kuhusu usemi. Na katika kitabu cha mwaka 1996, kuhusu majina ya mahali, wazee wanapewa nafasi ya kufafanua wenyewe jinsi hadithi ya mahali inavyomchoma mkosaji kama mshale. Ufafanuzi wa aina hiyo ndio uliokosekana mwaka 1970, hasa kutoka kwa wale watoto, ambao katika makala nzima hakuna aliyewauliza waliona nini katika nyuso za wazazi wao.