Mbono Kaburi Unasaga Mahindi!

Jamani, imewaka! Fundi amezungusha hendeli, mashine ya kusaga ikakohoa mara mbili, ikashika, na kwenye tangi lake hakuna hata tone la dizeli ya kituoni. Kuna mbono kaburi! Ule ule wa uani, tunaouchomeka kuzunguka boma kwa sababu mbuzi hawaugusi, ule walioupanda wazee kuweka alama makaburini.

Nimeshuhudia kila hatua katika karakana ndogo hapa Arusha, na bado moyo unanidunda. Mbegu nyeusi zinaingia kwenye kinu cha kukamulia. Kilo 4 hadi 5 hutoa lita 1 ya mafuta. Yakiwa mabichi ni mazito mno, karibu mara 10 kuliko dizeli, na yangeziba nozo upesi. Kumbe dawa yake ni rahisi! Fundi anayapasha moto hadi nyuzi 60 hivi. Kwa kila lita 5 anatia lita 1 ya methanoli yenye kostiki soda iliyoyeyushwa ndani yake, ile ile ya watengeneza sabuni. Anakoroga saa nzima, kisha anaacha yatulie.

Hapo ndipo nilipokodoa macho. Ndani ya chupa, gliserini ya kahawia inazama taratibu, na juu inabaki dizeli ya rangi ya dhahabu! Ikishaoshwa kwa maji na kukaushwa, inang'aa kama chai ya rangi, nayo ni nyepesi, inamiminika bila kusita. Moshi wake? Unanukia kikaango cha maandazi, wala hauchomi macho. Salfa karibu haimo kabisa.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1937, G. Chavanne wa Brussels alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa fueli kwa njia ya jinsi hii. Lakini mawese ni chakula, muulize mtu wa Kigoma! Mbono hauliwi. Lita zake hazimnyang'anyi mtoto mboga, na hilo ndilo lililoniteka kuliko yote.

Yapo ya kuangalia. Methanoli ni sumu inayopofusha na hushika moto haraka. Hupaswi kuichezea jikoni, na sufuria ya mbono isirudi kupika ugali kamwe. Mbegu zilizovunda hutoa mafuta yenye asidi, nayo yakikutana na kostiki hugeuka sabuni badala ya dizeli. Mashudu usimpe ng'ombe. Yapeleke shambani yawe mbolea. Wala usifyeke shamba la mahindi ili upande mbono: mashamba makubwa ya miaka ya 2000 yaliwavunja moyo wengi, kwa sababu mti huu huvumilia ukame, lakini bila maji na rutuba hauzai vya kutosha.

Mahali pake ni uani, na uani tayari upo! Hukumu yangu: kwa mashine ya kusaga na pampu ya maji kijijini, hii ni fueli ya kweli, na kikundi chenye kinu kimoja na fundi mwangalifu kinaiweza. Ndugu msomaji, mbegu za mbono zikidondoka msimu huu, usizifagie. Ziokote, zianike, zitie guniani.