Pikapu Ipi Inafaa Arua na Koboko: Uchambuzi wa Injini, Chesisi na Mafuta

Mjadala kuhusu pikapu iliyo bora hupotea njia mapema pale nguvu ya injini na uzito wa mzigo ulioandikwa katika kijitabu cha kiwanda vinapofanywa kipimo cha kwanza, kwa kuwa vipimo hivyo huchukuliwa gari likiwa jipya, likitumia mafuta safi na likihudumiwa na gereji yenye vipuri vyote. Katika West Nile, eneo la Uganda zilimo Arua na Koboko, lililo ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile na linalopakana na Kongo pamoja na Sudan Kusini, masharti hayo hayadumu, na kwa sababu hiyo maswali yanayopaswa kutangulia ni mengine: gari huharibika kwa namna gani, nani aliye karibu anaweza kulitengeneza, na mzigo utakaa kando ya barabara kwa muda gani kabla halijaondoka tena.

Kundi moja linaweza kuondolewa mapema. Pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-150, Chevrolet Silverado na Toyota Tundra, ndizo zinazozungumzwa zaidi duniani, na familia ya F ya Ford imeongoza mauzo ya pikapu nchini mwake tangu 1977. Lakini F-150 ina upana wa zaidi ya mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni, ilhali Land Cruiser 79 ya kabini moja ina karibu mita 1.8, na sentimita hizo ishirini na ushee huamua kama magari mawili yatapishana kwenye njia ya kijijini au moja litalazimika kushukia mtaroni. Usukani wake uko kushoto, na kwa kuwa Uganda hupita upande wa kushoto wa barabara, dereva anayetaka kulipita lori kati ya Nebbi na Arua hulazimika kuliingiza gari lake katika njia ya wanaokuja kabla hajaona kilicho mbele. Ng'ambo ya Vurra, nchini Kongo, na ng'ambo ya Oraba, nchini Sudan Kusini, magari hupita kulia na usukani huohuo ungefaa, ila pikapu ya mfanyabiashara wa Koboko husajiliwa na kulala Uganda. Ulaji wa mafuta, ambao hutajwa mara nyingi dhidi ya magari haya, ni hoja dhaifu kuliko inavyodhaniwa, kwani F-150 yenye silinda nane hutumia takriban lita 12 hadi 13 kwa kilomita 100, kiasi kisicho mbali na kile cha Land Cruiser ya zamani yenye silinda sita. Hoja nzito ni vipuri: soko la Kisekka mjini Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, ndiko vinakoagizwa vifaa vingi vinavyopakiwa katika basi la usiku, na biashara ya huko imejengwa juu ya magari ya Kijapani.

Linalobaki ni kundi la pikapu za tani moja, yaani zile zilizosanifiwa kubeba takriban kilo 1,000 juu ya chesisi ya ngazi, ambayo ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa mihimili mifupi ya kukingama, kabini na bodi vikikaa juu yake kama sehemu zinazojitegemea. Humo zimo Toyota Hilux, iliyozaliwa 1968, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200, Nissan Navara na Ford Ranger, na kando yao imesimama Land Cruiser 79, pikapu ya familia ya 70 iliyoanza kuuzwa 1984, ambayo hubeba zaidi kidogo na hugharimu zaidi sana. Kwa Arua na Koboko shindano halisi ni kati ya Hilux na Land Cruiser.

Shindano hilo lilibadilishwa na lami. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, ilikuwa ya murram, udongo mwekundu wa kokoto unaoshindiliwa, mpaka ilipowekwa lami katika muongo wa 2010 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, na tangu hapo gari linaloweza kwenda kilomita 90 kwa saa bila kuchosha abiria lilipata faida ambayo awali haikuwapo. Lami hiyo, hata hivyo, ni uti wa mgongo tu. Anayetoka Koboko kwenda makazi ya wakimbizi ya Lobule, au anayepita Yumbe kuelekea Bidi Bidi, makazi yaliyofunguliwa Agosti 2016 na kupokea zaidi ya watu 270,000, au anayeteremka kutoka Arua hadi Imvepi na Rhino Camp, hukutana na murram iliyojikunja kama bati la paa na, mvua za Agosti hadi Oktoba zikikolea, na tope la mfinyanzi linaloshika gurudumu zima. Pikapu inayotumika West Nile huishi katika barabara mbili tofauti, mara nyingi ndani ya siku moja.

Tofauti kubwa zaidi kati ya magari hayo mawili iko ndani ya injini, na hapo ndipo mjadala unastahili kukaa kwa muda. Injini ya 1HZ, iliyoanza kutumika 1990 na kuendeshea Land Cruiser nyingi za Afrika, ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina tabo, na mafuta yake hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni bali ndani ya chumba kidogo katika kichwa cha silinda, ambamo moto huanza na kisha kusambaa. Pampu yake huendeshwa na injini yenyewe kwa meno na shafti, bila kompyuta, na nozeli zake, yaani midomo inayonyunyiza dizeli, zina matundu na shinikizo la kiasi ambacho fundi wa kawaida anaweza kulipima na kulirekebisha. Injini ya 2GD ya Hilux ya kizazi cha nane, kilichozinduliwa 2015, ina silinda nne na lita 2.4 tu, lakini tabo yake husukuma hewa ndani kwa nguvu, na dizeli huhifadhiwa katika bomba moja la pamoja chini ya shinikizo linaloweza kufikia takriban mara 2,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida, kisha kompyuta hufungua kila nozeli kwa sehemu ndogo ya sekunde, mara kadhaa katika mlipuko mmoja.

Kwenye karatasi mshindi ni dhahiri. 1HZ hutoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, wa Nm 285, wakati 2GD hufikia Nm 400 kwa ujazo unaozidi nusu kidogo tu. Mwinuko wa Arua, ambao ni takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, unaongeza pengo hilo, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinacholingana, huku yenye tabo ikifidia upungufu huo. Hilux iliyojaa hupanda mlima ikiipita Land Cruiser iliyojaa, na kwa mafuta machache. Anayekanusha hilo hutetea mapenzi yake.

Kinachogeuza matokeo ni mafuta yenyewe. Arua ina historia ndefu ya dizeli na petroli za magendo, biashara iliyoshamiri baada ya watu wa West Nile waliokimbilia Zaire na Sudan kufuatia kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979 kurejea katika miaka ya 1980, na vijana walioiendesha wakajulikana mjini kwa jina la OPEC. Mafuta yaliyopita Uganda bila kutozwa kodi kwa kuwa yalikuwa safarini kwenda Kongo yalirudishwa mpakani katika madumu na kuuzwa kando ya barabara kwa bei nafuu kuliko ya vituo. Mafuta ya dumu yanaweza kuwa mazuri yalipotoka, lakini kila yanapohamishwa huongezeka vumbi, maji, na wakati mwingine mafuta ya taa, ambayo hupunguza ulainishaji ambao dizeli huupa chuma. Mfumo wa shinikizo kubwa hauvumilii hata kimoja kati ya vitu hivyo: chembe isiyoonekana kwa jicho hutafuna mdomo wa nozeli, nozeli huanza kuvuja, pistoni huungua, na tiba si kusafisha bali kubadilisha kifaa kwa bei inayoweza kuzidi faida ya msimu mzima wa ufuta. Pampu ya 1HZ nayo hulainishwa na dizeli na huumizwa na mafuta ya taa, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba injini hiyo hunywa chochote. Inachofanya ni kuugua polepole, kwa moshi mweusi na uzito wa kuwaka asubuhi, na kumpa mwenye gari wiki kadhaa za kujiandaa. Hilux hutoa taa ya onyo, hukata nguvu, na dereva asiye na mashine ya kusoma kompyuta hawezi kujua kama tatizo ni waya uliolegea au pampu iliyokufa.

Udhaifu wa 1HZ unaosahauliwa na wapenzi wake ni mkanda wa mpira unaoendesha kemshafti, ambao unapaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 au zaidi kidogo kulingana na maagizo ya soko husika, na ambao ukikatika huku gari likitembea unaweza kupinda valvu zote kwa mpigo mmoja. 2GD hutumia cheni. Land Cruiser nyingi zinazolaumiwa kwamba zimechoka ziliuawa na mkanda ambao hakuna aliyejua umri wake.

Baada ya injini, suala linalofuata ni mzigo kukaa mahali pake. Ekseli ya nyuma ya magari yote mawili ni nzima, yaani bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imebebwa na springi za bamba, vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mbele yanatofautiana: Land Cruiser ina ekseli nzima pia, iliyowekewa springi za mviringo tangu 1999, wakati kila gurudumu la mbele la Hilux hupanda na kushuka peke yake. Mpangilio wa Hilux hutuliza usukani kwenye murram iliyojikunja na huonekana wazi kwa abiria, ila una maungio mengi ya mpira na mipira ya chuma inayolegea, na mfuko wa mpira wa shafti ukipasuka mchanga huingia na kula kiungo kizima. Ekseli nzima hutikisa mwili, lakini fundi wa Koboko mwenye mashine ya kuchomea na jeki mbili anaweza kuifungua na kuirudisha.

Jambo ambalo wanunuzi hulipuuza, na ambalo lina madhara makubwa kuliko chapa yoyote, ni kabini. Hilux ya kabini moja na ile ya kabini mbili zina umbali uleule wa mita 3.085 kati ya ekseli, kwa hiyo viti vya nyuma vinapoongezwa bodi hufupishwa na kusukumwa nyuma, mpaka kitovu cha mzigo kinaangukia upande wa pili wa ekseli. Magunia matano ya muhogo yenye kilo 100 kila moja, yakikaa mita 1 nyuma ya ekseli hiyo, huongeza juu yake takriban kilo 662, si 500, kwa sababu yanainua kilo 162 kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayotakiwa kukata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Chesisi nayo hupinda katika nafasi ileile, kati ya mgongo wa kabini na ekseli, na kila shimo huzidisha uzito huo kwa muda mfupi. Watu wanaoketi juu ya magunia hupandisha kitovu cha uzito mahali pabaya zaidi. Mwaka 2016 jarida la Teknikens Värld la Uswidi lilionyesha Hilux ikiinua magurudumu ya upande mmoja katika jaribio la kukwepa kizuizi ghafla, kwenye lami kavu, na hakuna sababu ya kutarajia mwenendo bora zaidi juu ya murram yenye kokoto. Kwa mfanyabiashara wa mazao, kabini moja ni gari tofauti kabisa na kabini mbili, na ni bora.

D-Max, inayounganishwa Nairobi, inastahili heshima kwa uimara wa injini zake, na L200 hugeuka mahali pafinyu kuliko wenzake. Ranger, inayotoka Afrika Kusini kama Hilux, ina nguvu na starehe, ila umeme wake mwingi unaihitaji gereji ambayo Koboko haina kwa urahisi. Zote huangukia tatizo lilelile la mafuta lililoelezwa juu, zikiwa na vipuri vichache zaidi.

Soko la mitumba limepangwa kwa kiasi kikubwa na mashirika ya misaada. Umoja wa Mataifa na mashirika yasiyo ya kiserikali hupendelea Land Cruiser kwa sababu gari moja hutumika katika nchi nyingi na stoo moja ya vipuri hulihudumia, na baada ya miaka kadhaa huyauza magari hayo kwa mnada, hivyo fundi anayejua 1HZ hakosi kazi. Sheria iliyorekebishwa 2018 inayokataza kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi imeongeza thamani ya yale yaliyokwisha kuwamo nchini.

Kwa anayebeba watu na mizigo myepesi kati ya Vurra na Oraba, na anayejaza dizeli kituoni tu, Hilux ya kabini moja ndiyo chaguo sahihi. Kwa anayeingia Yumbe, Imvepi na vijiji vya mpakani mwaka mzima, Land Cruiser 79 yenye 1HZ bado haina mpinzani, hata kama bei yake inauma. Mradi wa kuweka lami barabara ya Koboko, Yumbe hadi Moyo, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wake 2020, utausogeza mashariki mpaka kati ya chaguo hizo mbili, na Toyota nayo tangu 2023 imeanza kuweka katika familia ya 70 injini ya lita 2.8 yenye tabo na kompyuta, kwa hiyo mnunuzi wa mnada wa miaka ijayo atapaswa kufungua boneti na kusoma herufi za injini kabla ya kutaja bei. Kisha alale chini ya gari na kutazama mihimili yote miwili ya chesisi nyuma ya kabini, rangi ikiwa imekwanguliwa, kwa kuwa sehemu iliyopakwa rangi mpya peke yake mara nyingi ndiyo iliyochomelewa.