Faini na Kitabu Kilichopotea

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Lakini, msomaji, madeni yote si ya asili moja. Kitabu kilichochelewa hurudi, kilichopotea hakirudi. Maktaba nyingi, zikibanwa na uhaba wa fedha, huyahukumu makosa haya mawili kwa hukumu moja, na hapo ndipo zinapokosea.

Tazama mji wa New York, Marekani. Zamani, mtu aliyedaiwa dola 15 au zaidi alifungiwa kadi yake, asiazime tena. Mwaka 2021 watu wapatao 400,000 walikuwa wamefungiwa hivyo, na zaidi ya nusu yao walikaa katika mitaa ya wahitaji. Tajiri alilipa akasahau. Maskini aliuepuka mlango wa maktaba. Oktoba mwaka ule maktaba za mji zikafuta faini za kuchelewa pamoja na madeni yake ya nyuma. Walakini hazikufuta bei ya kitabu kilichopotea: asiyekirudisha hukilipa, na akikirudisha hadaiwi kitu.

Mimi naona uamuzi huo ni wa haki. Faini ya kuchelewa yamfukuza msomaji; bei ya kitabu yamlinda msomaji ajaye. Maktaba yenye fedha chache haiwezi kununua kila kitabu mara mbili. Wala haina maana ikiwa rafu zimejaa na viti ni vitupu.

Basi wewe uliye na kitabu cha watu chini ya kitanda, kirudishe leo. Mwenzako yuakingoja.