Fremu ya Mtu Mrefu

Mtu mrefu hupewa sifa nyingi asizozitolea jasho. Huitwa kuangua embe, kuchomeka taa, kufunga kamba ya chandarua. Lakini akiingia dukani kununua baiskeli, urefu ule ule humgeukia deni. Muuzaji humtazama kichwani, akamtazama miguuni, kisha huchukua spana akapandisha kiti. "Tayari," humwambia, "sasa inakutosha." Maneno haya niandikayo ni ya kulipinga neno hilo "inakutosha". Nataka tuipime fremu kama tunavyoipima nyumba: tuulize imejengwa kwa ajili ya nani, na inamtendea nini yule ambaye haikumkusudia.

Nazungumzia baiskeli ya gia moja, kwani kwetu Shumba ndiyo baiskeli yenyewe. Raleigh ya Nottingham, Hero ya Ludhiana, iliyoanza kuunda baiskeli mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai, zote ni ndugu wa tumbo moja. Zina magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, na fremu iliyolala nyuma kama mzee aliyeegemea kiambaza. Gia nyingi si ugomvi wangu, ila mchanga wa pwani na chumvi ya bahari havina urafiki na vidude vyembamba vinavyoning'inia karibu na ardhi. Mwenye kubeba samaki au gunia la muhogo kwenda Konde anataka mnyororo mmoja, mwendo mmoja, na fundi ajuaye kila njugu.

Basi mtu mrefu achague nini? Fremu hupimwa kutoka kitovu cha pedali hadi mwisho wa juu wa bomba la kiti. Zile kubwa za jamii hii aghalabu ni za inchi 22, yaani sentimita 56, na za inchi 24, yaani sentimita 61. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France miaka ya 1986, 1989 na 1990, alieneza kanuni nyepesi: pima kutoka msambani hadi sakafuni, bila viatu, uzidishe kwa 0.67, utapata ukubwa wa fremu. Uzidishe kwa 0.883, utapata umbali wa kutoka kitovu cha pedali hadi juu ya kiti. Kipimo changu ni sentimita 91. Hesabu inanipa fremu ya sentimita 61, na kiti kwenye sentimita 80.

Kanuni hiyo iliwekwa kwa washindani, watu wasiosimama njiani. Sisi husimama. Ng'ombe hukata njia, mtu hukuamkia nawe huna budi kumjibu, gurudumu huzama mchangani na mguu hutakiwa chini mara moja. Kwa hiyo mimi hushusha kiti sentimita mbili tatu kutoka hesabu ya LeMond, na sioni kuwa nimemvunjia heshima. Lakini kuhusu fremu yenyewe naona amesema kweli, na kwa sababu asiyoihitaji yeye: mzigo.

Tazama fremu ya inchi 22 iliyopandishwa kiti kumridhisha mtu mrefu. Kwa kuwa bomba la kiti limelala, kiti kila kikipanda hurudi nyuma pia. Uzito wa mpandaji unasogea juu ya ekseli ya nyuma, ambako keria tayari imeshachukua gunia. Gurudumu la mbele linabaki jepesi, linatangatanga, na kwenye mwinuko linataka kunyanyuka. Mikono inanyooshwa kuufuata usukani ulioachwa chini, mgongo unapinda, na kwenye kona goti linaugonga usukani. Zaidi ya hayo, nguzo ya kiti iliyotolewa nje kupita kiasi huwa kama mtaimbo: kila shimo la barabarani ni mkono unaoukandamiza, na mdomo wa bomba la kiti ndio unaokandamizwa. Tia chumvi ya pwani inayokula chuma kutoka ndani, utafahamu kwa nini fremu nyingi hupasuka mahali pale pale. Tofauti ya sentimita tano kwenye rula ni ndogo. Mgongoni mwa mtu anayeendesha kila siku kwa riziki yake, si ndogo.

Jambo la pili ni ule ufa wa nyuma unaoshika ekseli, ambao wanunuzi hawautazami kwa sababu haung'ai. Katika baiskeli hizi ufa huo ni mrefu na umelala, na ndani yake ndimo uwezo wa kufanya kazi nyingi ulimojificha. Chukua meno 48 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita sita, mwendo mzuri kwenye njia tambarare. Ukitaka kwenda upande wa magharibi, kwenye vilima na mabonde ya mikarafuu, weka 20 nyuma, na mzunguko utakupa mita tano na theluthi hivi. Unapungua mwendo, unaokoa magoti. Mabadiliko hayo yanaisogeza ekseli mbele kiasi cha milimita sita tu, na ufa mrefu unazimeza bila kuukata mnyororo. Fremu moja, mnyororo mmoja, safari mbili.

Hapa ndipo baiskeli za mitumba zenye matairi manene zinaponishinda kuzisifu, ijapokuwa vijana wanazipenda. Nyingi zina ufa uliosimama wima, kwa sababu zilitegemea kile kidude cha gia kuukaza mnyororo. Kikifa, na hufa, fundi akiifanya ya gia moja mnyororo hulegea na ekseli haina pa kurudi. Tena bomba lao la kiti ni fupi, na mtu mrefu anarudi kule kule kwenye mtaimbo. Nyingine ni za alumini, ambayo fundi wa kijijini hawezi kuilehemu kama anavyolehemu chuma.

Ipo pia Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, inayoonekana Kenya, Zambia na Malawi. Ni kazi ya watu waliofikiri: keria yake imekusudiwa kubeba kilo 100, na breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu, mvua haiifikii. Bomba la juu limeshushwa ili mwanafunzi wa kike na mama mwenye kanga wapande bila taabu. Naiheshimu. Lakini fremu inayotaka kumtosha kila mtu humtosha mtu wa kati, na mrefu huambiwa tena apandishe kiti.

Tukubaliane basi kuwa ni inchi 24. Linabaki swali moja, ambalo kwangu ndilo zito: bomba moja la juu, au mawili? Fremu ndefu huja mara nyingi na bomba la pili chini ya lile la juu. Hoja yake ni ya kweli, maana fremu ikirefuka nafasi ya katikati hupanuka, na mabavu ya mzigo huipindapinda. Bomba la pili huikaza. Wachukuzi wa magunia huapa kwa jina lake.

Lakini baiskeli kwetu haina mpandaji mmoja. Jioni, baba akishaitua, huchukuliwa na mtoto ambaye kiti kinamfika kidevuni. Hupenyeza mguu wa kulia katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, akakanyaga pedali za pande zote mbili huku mwili umeinama ubavuni kama ngalawa iliyoelemewa na upepo. Ndivyo wengi wetu tulivyojifunza. Ndivyo wengine walivyowahi skuli. Bomba la pili huziba mlango huo, au huubana mpaka mguu usipite vizuri. Fremu iliyomkubali baba kwa urefu wake inamfukuza mtoto kwa ufupi wake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni bomba moja. Uzito wa gunia hushuka kwenye keria, na keria iliyofungwa vyema huushusha kwenye ekseli. Nguvu itafutwe huko nyuma: vyuma vya keria viwe vinene, viungo vya fremu viwe vimejaa shaba, bila nyufa. Anayebeba kilo mia kila siku kwa ujira, na hana mtoto wa kumwachia jioni, na achukue mawili, simlaumu.

Wala siuuzi umbo hili kama halina ila. Breki zake za vyuma huvutwa juu kuelekea upande wa ndani wa rimu, na rimu yenyewe lazima iwe ya namna yake. Huwezi kuazima gurudumu la baiskeli nyingine. Mvua za masika zikiilowesha, breki hukamata kwa kuchelewa, na juu ya kilima chenye mzigo kuchelewa ni hatari. Mwenye akili hushuka akaikokota. Na inchi 24 kwangu zinaniachia sentimita chache tu kati ya mwili na bomba nikisimama. Aliye mfupi kuliko mimi kwa shubiri asiipande kwa kuniiga.

Tunaambiwa kizuri chajiuza. Fremu kubwa haijiuzi, kwani wanunuzi wake ni wachache, na mfanyabiashara huagiza kile kinachotoka. Mtu mrefu itambidi aiulizie, aingoje, na aikatae ile ya kupandishwa kiti hata kama ipo mlangoni na bei yake ni nafuu. Akishaipata, aikague kwa macho mawili: moja limtazame yeye atakavyokaa asubuhi, la pili limtazame atakayeichukua jioni.