Uzi Ndio Ufe Kwanza

Mala ni tasbihi ya Wahindu, yenye shanga 108, na watu wakiisifu hawakosi kuanza na shanga zake. Mbegu za rudraksha za Nepal, msandali wa Mysore, tulasi ya Vrindavan, jiwe la bilauri: kila aina ina wapenzi wake na bei yake. Sina ugomvi nao. Ila mala haifi kwa ushanga. Hufa kwa tundu, kwa uzi au kwa fundo, na fundi wa kweli utamjua kwa jinsi anavyohangaika na hayo matatu ambayo mnunuzi hata hayatazami.

Kwanza tuielewe kazi yake. Mala si pambo, ingawa siku hizi huvaliwa sana shingoni kwa urembo. Ni chombo cha kazi, tena kazi ngumu. Wafuasi waliokwisha kula kiapo katika jumuiya ya Kihindu ya ISKCON, iliyoanzishwa New York mwaka 1966 na A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, huahidi kuzunguka mala nzima mara 16 kila siku, wakitamka mantra kwa kila ushanga. Piga hesabu: shanga 1,728 kwa siku, zaidi ya 630,000 kwa mwaka, kila mmoja ukibanwa kati ya gumba na kidole cha kati, ukivutwa, ukiachwa. Hereni hutulia sikioni. Mala haipati nafasi hiyo. Inakunywa jasho, inakunywa mafuta ya ngozi, na vumbi likiingia kwenye tundu hugeuka msasa.

Ndiyo maana naipenda gomukhi, ule mfuko wa kitambaa ambao mzee wa Kihindu huingiza mkono wake ndani, kidole cha shahada kikichungulia nje kwa sababu desturi inakikataza kugusa shanga. Waliokulia karibu na mahekalu ya Mombasa au Kisutu, Dar es Salaam, huenda wamewahi kuuona. Mfuko huo ni wa heshima na faragha ya ibada, lakini fundi anauona pia kama mlinzi wa uzi wake.

Kuhusu kwa nini shanga ni 108, mtakesha mkibishana. Wengine huzidisha buruji 12 kwa sayari 9, wengine manzili 27 za mwezi kwa robo 4. Fundi ana matundu 108 ya kushughulikia, na la 109 la meru, ushanga mkuu unaofunga duara, basi.

Tundu baya ni msumeno. Huko Khambhat, Gujarat, nchini India, mji ambao akiki zake nyekundu zilivushwa kwa majahazi hadi pwani yetu kwa karne nyingi, mafundi wa jadi hutoboa jiwe kwa keke ya upinde, nchani pake pamepachikwa vijipande viwili vya almasi. Hawatoboi moja kwa moja. Huanza upande mmoja mpaka kati, wakaligeuza jiwe, wakaanza upande wa pili mpaka matundu yakutane. Ncha ikiachwa itokee upande wa pili kwa nguvu, jiwe humeguka pale mdomoni, na ukingo ule uliomeguka utaukata uzi hata uwe wa hariri.

Kwa jiwe, basi, ushanga ndio unaokula uzi. Kwa mti mambo hugeuka: uzi ndio unaokula ushanga. Tulasi ni ndugu wa kivumbasi chetu, na shina lake si nene. Katika kijiji cha Jait, karibu na Vrindavan, mafundi hulikereza shina hilo kuwa shanga ndogo ndogo. Desturi hutaka liwe shina lililokwisha kujikaukia, kwa kuwa mmea ulio hai huheshimiwa uani kama mgeni mtukufu na haukatwi ovyo. Sasa chukua ushanga wa mti laini kama huo, uupitishie nailoni nyembamba na ngumu. Nailoni haitakatika, kweli. Itachimba. Tundu lililokuwa la mviringo litarefuka kama yai, kisha siku moja ushanga utapasuka vipande viwili, na uzi wako uko palepale, mzima, unang'aa.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa zamani anayeng'ang'ania pamba. Wengi humwona mshamba asiyejua kwamba kuna nyuzi imara zaidi. Anajua sana. Uzi wa pamba hununuliwa kwa senti dukani. Shanga ambazo bibi amezishika tangu ujana wake, zikanywa mafuta ya vidole vyake mpaka zikawa nyeusi, haziuzwi popote. Kati ya viwili hivyo kimoja lazima kichakae, na fundi ameamua mapema kwamba uzi ndio ufe kwanza.

Lakini ufe kwa adabu. Pamba hulegea ikibeba uzito, kwa hiyo huloweshwa, hutundikwa ikiwa na kitu kizito usiku kucha, ndipo hupakwa nta. Kisha kazi yenyewe. Ushanga huingia. Uzi huzungushwa kitanzi kilegevu, pini hupenyezwa ndani ya kitanzi, na pini hiyo ndiyo inayokiongoza hadi kwenye mdomo wa ushanga. Mkono mmoja unachomoa pini, mwingine unavuta uzi, kwa pamoja. Ukichelewa kidogo, fundo hukaza mahali pasipo pake, na fundo dogo la pamba yenye nta likishakaza halifunguki kwa maneno matamu. Likibana mno, mala hukakamaa na kujikunja vibaya mkononi. Likiachia mno, shanga hugongana na kusagana. Fundi hupima kwa gumba: ushanga uzunguke, usisafiri. Wapo wanaopiga fundo la brahmagranthi, ambalo uzi huzungushwa zaidi ya mara moja, na wapo wanaotamka mantra kwa kila fundo, jambo ambalo, ukiachilia mbali ibada, ni dawa nzuri ya papara.

Faida ya taabu hiyo huonekana siku ya msiba. Mala isiyo na mafundo ikikatika, shanga zote hukimbilia chini ya makochi. Yenye mafundo hupoteza mmoja, pengine hata huo usidondoke. Wanafunzi wa kwanza wa Prabhupada walinunua shanga kubwa za mbao madukani New York, naye akawafundisha kuzitunga wenyewe, fundo baada ya kila ushanga.

Penye hatari zaidi ni kwenye meru. Meru hairukwi: anayesali akiifikia huigeuza mala na kurudi alikotoka. Kila mgeuzo huusokota uzi palepale, na ncha zote mbili hupita katika tundu moja. Kwa hiyo tundu la meru liwe pana, na uzi urudishwe mara mbili. Kishada kinachoning'inia chini yake hunitia shaka kikiwa kinene kupita kiasi, maana mara nyingi kimeficha tone la gundi. Gundi huukausha uzi ukawa kama kijiti, na kijiti hicho huvunjika pale gundi inapoishia. Isitoshe, mala iliyotiwa gundi haifumuki vizuri, na mala lazima siku moja ifumuliwe, shanga zihesabiwe kwenye sinia, matundu yasafishwe, uzi mpya upite.

Siku ukinunua mala, muulize muuzaji uzi ni wa nini na utafumuliwa kuanzia wapi. La kwanza yeyote atakujibu. Akibabaika kwenye la pili, rudisha pesa zako mfukoni.