Kijana Yangu, Toka Jikoni

Desemba iliyopita tulienda nyumbani Siongiroi, mimi, mke wangu na binti yetu wa miezi minne. Asubuhi ya pili niliingia jikoni kuosha vikombe. Mama akaninyang'anya kitambaa. "Kijana yangu, toka jikoni. Ngojea chai huko nje." Nikatoka. Sitawadanganya: nilitoka haraka.

Huko nje nikafungua Utendi wa Mwana Kupona kwenye simu. Wengi wetu tunaujua kwa sifa yake mbaya, ati ni shairi la kumfundisha mke kunyenyekea. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amwachie binti yake usia. Anamwambia amkande mume, amtengeneze ndevu, amfukizie udi, asimwamshe akilala, asitoke bila ruhusa. Ukiishia hapo, sifa mbaya inamstahili.

Lakini kuna mahali anamfananisha mume na kijana ambaye bado hajaanza kusema. Kwa lahaja yake, kijana ni mtoto mdogo. Wapo wahakiki wanaosoma kejeli hapo. Mimi nilisoma orodha ya kazi, na katika orodha hiyo mume yuko upande wa malezi. Nikainua macho. Boma letu lilikuwa na watoto wawili wa kuhudumiwa: mmoja wa miezi minne, mwingine wa miaka thelathini na mmoja, anangojea chai.

Mama alikuwa amekamua ng'ombe kabla ya mapambazuko na maziwa yameshaenda. Sasa alikuwa akisugua vibuyu vya mursik, halafu avipake mkaa wa senetwet. Mke wangu alikuwa ananyonyesha huku anachambua mboga kwa mkono mmoja. Hakuna aliyeita hiyo kazi. Mwana Kupona angeiita. Hiyo ndiyo nguvu ya utendi wake kwangu: anataja, moja moja, vitu ambavyo tukivikuta vimefanywa tunadhani vimejifanya.

Udhaifu wake uko kwingine. Anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Pate kulikuwa na mikono mingine, na haijapewa hata ubeti mmoja. Tusimcheke mapema. Sisi wa Nairobi tunaojigamba kwamba tunagawana kazi nusu kwa nusu, mara nyingi nusu zote mbili zinafanywa na dada wa kazi.

Uchunguzi wa matumizi ya muda wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2021 ulikuta wanawake wanatumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na malezi bila malipo, wanaume asilimia 3.6. Kwa siku, hiyo ni karibu saa nne na nusu, dhidi ya chini ya saa moja.

Na hii maneno si ya vikombe tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango wa mtu katika mali. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa peke yake haikupi nusu. Lazima uthibitishe ulichochangia. Shamba letu lina jina la baba. Kwani mama angethibitisha nini? Nani huweka risiti ya kibuyu kilichosuguliwa? Mwana Kupona alitunga orodha nzuri, ila hakumwambia binti yake kwamba orodha hiyo ni deni.

Jioni nilimwomba mke wangu anitajie kila alichofanya siku hiyo, niandike. Alifika kumi na saba, akacheka, kisha hakucheka tena. "Na wewe?" akauliza. Nikasema niliosha vikombe. Akanikumbusha kwamba sikuviosha.

Mtoto akalia. Mama alikuwa ameanza kuinuka. Nikamwambia, "Kaa, mama. Nepi ni yangu." Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akakaa.