Land Rover za Kibirichia: chesisi kwanza, injini baadaye

Msimu wa kuchimba viazi ukifika Kibirichia, huko Meru, lori la kupeleka mzigo Nairobi haliingii shambani. Husubiri barabarani, na kati yake na matuta ya waru, yaani viazi, pana vijia vya udongo ambavyo mvua moja tu hutosha kuvigeuza utelezi mtupu. Mwendo huo mfupi ndio unaoamua kama mkulima atauza leo au magunia yatalala nje. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na Land Rover kuukuu, Series II, IIA na III, baadhi zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wanaoziendesha.

Wapo wanaozitazama kwa huruma. Mimi naona zinastahili kuchunguzwa, kwa sababu yeyote anayetafuta gari la zamani kwa pesa kidogo, liwe la shamba au la familia, atakuta hapa mpangilio wa kazi ambao wanunuzi wengi huugeuza juu chini. Wengi huanza na injini. Hufungua boneti, husikiliza mlio, huuliza linakunywa mafuta kiasi gani. Fundi anayezijua gari hizi hulala chali kwanza, nyundo ndogo mkononi. Injini iliyochoka hufufuliwa au hubadilishwa. Chesisi iliyooza na logibuku yenye utata humla mwenye gari mpaka pesa ziishe.

Land Rover ilioneshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa vipimo, ndipo kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa aloi ya alumini na kuiweka juu ya fremu ya chuma. Uamuzi huo wa wakati wa uhaba unamponza mnunuzi hadi leo. Alumini haishiki kutu kama chuma. Milango, mabawa na kitanda cha mizigo hukaa miaka 50 vikiwa na mibonyeo tu, ilhali chuma kilicho chini yake kimeliwa na kubaki ganda. Gari linapendeza machoni na limekwisha kiunoni.

Fremu yenyewe ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa pembeni yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Maji yakiingia humo hutokea kwenye matundu madogo ya chini. Ulaya adui wake ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Huku kwetu chumvi hakuna, lakini tope la shamba la viazi lipo. Hupanda na magurudumu, hujaa katikati ya fremu na sakafu, huziba yale matundu, na hubaki na unyevu wiki nyingi baada ya mvua kuisha. Kutu huanzia ndani ikija nje. Ukiiona kwa macho, imeshafanya kazi yake kubwa.

Hapo ndipo nyundo inapohitajika. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Gonga boriti ya nyuma, vishikio vya springi, na ile mikono inayotokeza ubavuni mwa fremu kushikilia bodi. Kisha inua mkeka wa mbele utazame sakafu ya miguuni na ukuta wa chuma unaomtenga dereva na injini. Ukuta huo hubeba bawaba za milango ya mbele. Ukioza, mlango hushuka, na hakuna bawaba mpya itakayouinua. Ukikuta kiraka kimepakwa rangi nyeusi nzito, kikwarue ukitazame. Kiraka cha kuaminika kimechomelewa kuzunguka kingo zote juu ya chuma kizima. Kile cha kuuzia gari kimeshikwa kwa nukta chache juu ya kutu.

Ukiwa bado huko chini, itafute namba ya chesisi. Kwenye Series II na III imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi. Isugue kwa brashi ya waya na uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Isiposomeka, au ikasomeka namba nyingine, muage muuzaji kwa heshima uende zako. Gari hizi zimepita mikono mingi: idara za serikali, misheni, mashamba makubwa, minada. Nyingine bado zina namba zisizo na herufi ya mwisho, yaani zilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka 1989. Aliyeandikwa kwenye logibuku huenda ni marehemu, na warithi hawajamaliza mambo ya mirathi. NTSA, mamlaka inayosajili magari, haihamishi umiliki kwa maneno ya mdomo. Omba kumbukumbu za gari kwao kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia bei. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara inayoiepusha.

Kuna sababu nyingine ya kuithamini fremu nzima. Kanuni za Kenya, chini ya kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS, haziruhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Land Rover ya mwaka 1975 inayoonekana Meru leo, kwa hiyo, ni ile iliyokuwa tayari humu tangu zamani. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa: Leyland Kenya ya Thika ilianza kazi mwaka 1976 na Land Rover zilikuwa kati ya magari yake; kiwanda hicho ndicho Kenya Vehicle Manufacturers ya sasa. Fremu nzima zinapungua kila mwaka na hakuna zinazoongezeka. Injini za dizeli zinazoweza kuingia ndani yake zinaongezeka, kwa kuwa kila pikapu ya Kijapani inayopata ajali huacha injini.

Lakini nisiidharau injini ya asili. Ile ya lita 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286, ilikuja ya petroli mwaka 1958 na ya dizeli mwaka 1961, ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980 bila kubadilishwa sana. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu. Silinda zikilika huchongwa upya na kuwekewa pistoni za saizi ya juu, na krankishafti husagwa ikawekewa beringi mpya. Kazi hizo zote hufanywa kwenye karakana ya mashine bila kompyuta. Nyingi za petroli zina mgandamizo wa chini, 7 kwa 1, kwa hiyo huvumilia petroli hafifu. Kipimo cha haraka ni kuiwasha ikiwa baridi, uiache ipate moto, kisha ufungue kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Moshi mwepesi ni uzee wa kawaida. Ukisukumwa nje kwa mapigo, ringi zimekwisha. Omba bei ishuke kwa gharama ya ovahoo, si kwa mzaha wa elfu mbili tatu.

Kibirichia iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo hubadilisha tabia ya injini kuliko watu wanavyodhani. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kabureta iliyorekebishwa pwani itamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana mlimani: plagi huwa nyeusi, mafuta huisha haraka, dereva husema injini imechoka kumbe inakosa pumzi. Maji nayo, kwenye mwinuko huo, huchemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachozuia yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta kinachoshika presha. Watu wameng'oa silinda hedi na kubadilisha gaskiti kwa sababu ya kifuniko ambacho mpira wake umekauka. Anza na kifuniko.

Injini ikikataa kabisa, huja upandikizaji. Mafundi wa Kenya wamekuwa wakipachika dizeli za Isuzu na Toyota kwenye Land Rover kwa muda mrefu, na ikifanywa vizuri gari hupata maisha mapya. Kazi ngumu kuliko zote ni lile bamba la kuunganisha injini ngeni na gia boksi ya zamani. Likichongwa kando ya kitovu hata kwa upana wa unywele, shafti ya kuingilia gia boksi huzunguka ikijipinda, na beringi yake hufa mapema. Ukinunua gari lililokwisha kubadilishwa injini, panda mlima nalo gia ya tatu ukiwa umekanyaga mafuta. Gia ikiruka, au klachi ikitetemeka wakati wa kuondoka, shuku bamba kabla ya kushuku kitu kingine. Na namba ya injini mpya iwe imeandikishwa NTSA. Isipokuwa hivyo, kwenye karatasi unanunua gari ambalo halipo.

Baada ya fremu na injini, kinachowatesa wenye Land Rover za mzigo ni hafushafti, ile fimbo ya chuma inayotoa nguvu kwenye difu hadi gurudumu la nyuma. Magunia ya waru, tope, dereva akaachia klachi ghafla, fimbo hukatika. Uzuri ni kwamba uzito wa gari haukai juu yake, unakaa kwenye ganda la eksel. Kwa hiyo hakuna haja ya kung'oa gurudumu. Hufunguliwa boliti sita zilizo katikati yake, fimbo ikavutwa nje. Kipande kilichosalia ndani ya difu kitolewe chote, kwa sumaku au kwa kuifungua difu. Kikiachwa kitasaga meno. Fimbo ikikatikia mbali, dereva hupunguza mzigo, huingiza magurudumu ya mbele, na kwenda polepole hadi nyumbani.

Kuna hatari hapa ambayo kila utingo anapaswa kuijua kabla ya kugusa spana. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu. Ni ngoma moja nyuma ya gia boksi, inayoshika propela ya nyuma. Hafushafti moja ikikatika, propela inaweza kuwa imeshikwa barabara na gari likateremka vilevile, kwa kuwa difu huzungushia mwendo ule upande uliokatika. Kwenye miteremko ya Kibirichia hilo ni kifo. Mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu kabla mtu hajaingia chini, na hata kwenye gari zima jambo hilo lifanywe kila jeki inapoinua gurudumu la nyuma.

Je, mtu wa kawaida anunue gari kama hili? Inategemea mzigo na njia. Miraa ya upande wa Maua husafirishwa kwa pikapu zinazokimbia, kwa sababu jani likikauka halina bei. Waru huvumilia safari ya pole, lakini ni mzito na shamba halina barabara. Anayesafiri kwa lami kila siku atapoteza pesa na Land Rover ya petroli, ambayo hufanya kilomita 5 au 6 kwa lita. Probox iliyotunzwa itamfaa zaidi. Hata huko, mpangilio ninaoutetea ni uleule: mifupa ya gari, kisha karatasi, kisha injini, na theluthi moja ya bajeti ibaki mfukoni siku ya kununua. Aliyetumia shilingi ya mwisho kulipia gari amenunua gari la kuegesha.

Theluthi hiyo ina kazi ya kwanza, nayo haina mjadala. Series II na IIA nyingi zina saketi moja ya breki: paipu moja ikitoboka popote, pedali hushuka hadi sakafuni na magurudumu yote manne hukosa breki. Muuzaji huenda aliongezea oili yoyote iliyokuwa karibu, na oili ya injini huvimbisha vikombe vya mpira vilivyo kwenye silinda za magurudumu mpaka vikwame. Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya turubai mpya, kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, mwaga mafuta yote ya breki, badilisha paipu zote za mpira na kila paipu ya chuma iliyoshika kutu, weka vikombe vipya kwenye magurudumu manne na kwenye silinda kuu, jaza mafuta mapya ya breki, toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, kisha ulijaribu gari mahali tambarare kabla ya kuuelekea mteremko.